Usukani ulianzia nyuma: kisa cha mkonga ya 1995 na tela la hema, Moshi

Gari lililoletwa kwenye gereji yetu Pasua katikati ya Desemba lilikuwa Land Cruiser HZJ75 pikapu ya mwaka 1995, ile ambayo huku kwetu kila mtu huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Nyuma yake kulikuwa na tela la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, limeundwa hapa hapa mjini kwa chuma cha kona. Mwenye mali ni mama mmoja anayekodisha hema, viti na jenereta kwa harusi, misiba na kipaimara. Desemba ndiyo msimu wake. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kila ukoo una shughuli, na gari lake halilali.

Dereva wake, mtoto wa dada yake, alishuka akiwa ameshika kiuno.

"Kaka, usukani umekufa kabisa. Mama mkubwa amesema ubadilishe steringi boksi, tuondoke nalo kesho."

Mama mwenyewe alikuwa ameshapiga simu. "Baba, nina harusi Jumamosi na nyingine Jumanne. Mimi nataka gari linaloshika barabara. Hao watoto wanaopanda humo ni wa kwetu."

Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu malalamiko yalikuwa moja, usukani, na ndani yake kulikuwa na magonjwa mawili tofauti yaliyokutana kwenye gari moja. Steringi boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu ya mbele, haikuwa hata moja kati ya hayo mawili.

Kilichotokea barabarani

Walikuwa wametoka Usa River kufungua hema la harusi, wanarudi Moshi jioni. Arusha iko juu ya Moshi kwa zaidi ya mita 400 na barabara ni ya kama kilomita 80, kwa hiyo safari ya kurudi kwa ujumla ni ya kushuka, na mzigo unakusukuma badala ya wewe kuuvuta. Kwenye uwanda ulio wazi karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA basi liliwapita kwa kasi. Upepo wa basi ukalisukuma tela, halafu ukalivuta, nalo likaanza kuyumba. Likatulia lenyewe.

Walipita Boma Ng'ombe, wakapita Kwa Sadala, wakaanza kushuka bonde la mto Kikafu. Hapo likayumba tena, na safari hii kila yumbo lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Kijana alifanya ambalo wengi wetu mwili ungetutuma kulifanya: alikanyaga breki, na kila tela lilipokwenda kushoto alikata usukani kulirudisha. Mkono wa binadamu huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kukiangukia kwenye mdundo wa tela, unalisukuma badala ya kulizuia. Mkia wa gari ukaanza kuendeshwa na tela. Mwishowe aliachia breki, akaushika usukani katikati bila kuukata, akaiacha injini imshikie mwendo kwa gia ya tatu. Walisimama karibu na daraja. Viti vilimwagika barabarani, watu wote walikuwa wazima.

Nilimwambia wazi kwamba kile alichokifanya mwishoni ndicho kilichowaokoa, na ndicho anachopaswa kukifanya mwanzoni kabisa: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, usipambane na tela. Kuyumba kwa tela kunategemea mwendo. Chini ya mwendo fulani kila yumbo hufa lenyewe, na juu ya mwendo huo kila yumbo huzaa kubwa zaidi. Kazi ya dereva ni kulirudisha gari chini ya mwendo huo, na kazi ya fundi ni kuupandisha mwendo huo uwe juu zaidi ya ule wanaosafiria.

Nilichouliza kabla ya kupandisha jeki

Nilimwuliza dereva tatizo lilianza lini. Akafikiri, akasema miezi minne hivi. Kabla ya hapo kulifanyika nini? Hapo hadithi yote ikatoka. Mkia wa gari ulikuwa umeanza kuchoka, ukikaa chini kila walipofunga tela. Wakaenda gereji moja, wakaongezewa majani matatu (vibao vya chuma) ya springi za lori kila upande wa nyuma. Mkia ukainuka, wakafurahi. Baada ya wiki chache usukani ukaanza kutetemeka kwenye matuta madogo, wakafungiwa shokapu mpya ya usukani, ile ya kutuliza mapigo ya barabara. Mtetemeko ukapungua. Halafu gari likaanza kutangatanga.

Kisha akasema neno ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vya baadaye: "Na unajua kaka, likiwa tupu ndiyo baya zaidi. Bila tela kabisa halishiki mstari, unaliongoza kama ng'ombe."

Kama tatizo lingekuwa tela peke yake, gari tupu lingetulia. Kama lingekuwa usukani kulegea peke yake, lingekuwa baya sawasawa siku zote. Gari linalotangatanga likiwa tupu na kuyumbishwa likiwa na tela linakuambia kwamba kuna kitu nyuma kimebadilisha jinsi linavyosimama, na kitu kingine kwenye tela lenyewe. Basi nikaanzia nyuma.

Tela

Sikuanza na spana. Nilianza na mizani ya kupimia magunia, niliyoiazima kwa jirani anayenunua mahindi. Nilimwomba dereva alipakie tela vilevile kama siku ile, asinipangie vizuri kwa kunionea aibu. Wakapakia: nguzo za hema katikati, viti vimepangwa hadi juu, na mwisho kabisa, mlangoni, jenereta. Kwa nini jenereta mwishoni? Kwa sababu wakifika kwenye shughuli ndiyo inayoshuka kwanza, watu wapate taa na muziki wakati hema linapandishwa. Ni mpango wenye akili kabisa kwa mtu wa hema. Kwa tela ni hatari.

Tela zima, na mzigo wake, lilikuwa na kilo 1,240. Tulikalisha pete ya shingo juu ya mizani, tela likiwa limelala sawa, tukasoma kilo 22. Huo ndio uzito wa shingo, yaani uzito ambao tela linaulaza kwenye ndoano ya gari. Haukufika hata asilimia 2 ya tela. Kwa tela la ekseli moja mafundi wengi hutafuta kati ya asilimia 5 na 10, na Wamarekani hupenda hata zaidi ya hapo. Tela lenye shingo nyepesi limebeba mzigo mwingi mno nyuma ya magurudumu yake, na kitu cha namna hiyo kikishaanza kugeuka hakirudi kwa urahisi.

Jenereta ilikuwa na kilo 190. Kutoka kwenye pete hadi ekseli ya tela nilipima mita 2.9. Hesabu ni ya shule ya msingi: ukiisogeza jenereta mbele mita 1.4, uzito wa shingo unaongezeka kwa 190 mara 1.4, gawa kwa 2.9, karibu kilo 92. Tuliisogeza mbele kidogo ya ekseli, tukaifunga kwa mikanda, tukapima tena. Mizani ikasoma 112. Asilimia 9. Dereva aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Hatukuwa tumegusa spana hata moja.

Ili jenereta iendelee kushuka kwanza, tulimkatia mlango mdogo ubavuni mwa tela. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ukimwambia mtu abadilishe mazoea bila kumpa njia nyingine ya kufanya kazi yake, wiki ya pili jenereta itakuwa imerudi mlangoni.

Pete yenyewe ilikuwa imeliwa. Pini ya milimita 25 ilikuwa inacheza ndani ya tundu lililopanuka hadi 34, na kila ukikanyaga breki tela linapiga gari teke. Tuliweka pete mpya na pini mpya.

Halafu kulikuwa na ndoano. Mtu fulani aliwahi kuirefusha nyuma kwa sentimita 25 ili mlango wa pikapu ufunguke bila kugonga shingo ya tela. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano ilikuwa mita 1.55, na umbali kati ya ekseli za gari hili ni mita 2.98. Ndoano ni kama mpini wa nyundo. Kilo 112 zikikaa pale, mbele ya gari inapunguziwa karibu kilo 58, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 170 badala ya 112. Tulipoirudisha ndoano hadi mita 1.3, mbele ikapunguziwa kilo 49. Tofauti ya kilo 9 haionekani kubwa, na kwa uzito peke yake nisingesumbuka nayo. Lakini ule mpini unafanya kazi kwa ubavu pia: tela linaposukuma kushoto, sentimita 25 zaidi zinalipa nguvu zaidi ya kugeuza mkia wa gari. Mlango wa pikapu sasa unafunguliwa kabla ya kufunga tela.

Na urefu wa ndoano kutoka ardhini. Gari tupu, pamoja na majani ya lori, lilikuwa na ndoano kwenye sentimita 71. Tela lililolala sawa lilitaka 58. Kwa hiyo tela lilikuwa linasafiri pua juu, viti vilivyopangwa hadi juu vinaegemea nyuma, na hata zile kilo 22 za shingo sidhani kama zilikuwepo barabarani.

Springi za nyuma

Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

HZJ75 ina springi za majani pembe zote nne na ekseli nzima mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota walipoleta HZJ78 na HZJ79 walibadilisha mbele wakaweka springi za koili, lakini hili la 1995 ni la kizamani kabisa, na kwenye gari la namna hii springi ya majani ina kazi mbili. Inabeba mzigo, na pia ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Hakuna mkono mwingine unaoielekeza. Springi ikihama, ekseli inahama, na ekseli ya nyuma ikihama gari linapewa usukani wa pili ambao dereva hana habari nao.

Nilifunga uzi wenye timazi kwenye kitovu cha kila gurudumu, nikaweka alama za chaki sakafuni, nikasogeza gari, nikapima kwa futi. Kulia, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma: milimita 2,979. Kushoto: 2,996. Tofauti ya milimita 17. Ukiigawa kwa upana wa ekseli, takriban mita 1.4, ekseli ya nyuma ilikuwa inatazama pembeni kwa nyuzi 0.7. Gari lilikuwa linatembea kama kaa, na dereva alikuwa anaukata usukani kidogo siku nzima ili kulinyoosha, bila kujua.

Tulipofungua upande wa kushoto tulikuta sababu. Senta bolti, ile bolti inayopita katikati ya majani yote na kichwa chake kikakaa kwenye tundu la ekseli, ilikuwa imekatika. Waliongeza majani matatu mazito bila kubadilisha yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa hiyo zile za zamani zikawa fupi, nati zimeshika nyuzi tatu au nne tu. Hazikuweza kukaza. Springi ikawa inateleza juu ya ekseli, senta bolti ikabeba kazi isiyo yake, ikakatika. Kijana wangu aliokota kipande cha bolti kutoka kwenye mafuta na vumbi, akakiweka kiganjani. Uso wa mkato ulikuwa na rangi mbili: nusu yenye kutu nyeusi, iliyopasuka zamani, na nusu inayong'aa, iliyokatika juzi. Ile nusu inayong'aa nadhani ni ya Kikafu.

Sasa kuhusu gari kutangatanga likiwa tupu. Majani ya lori yalikuwa yameinua mkia kwa milimita 75 juu ya kawaida. Gari likiinuka nyuma linainama mbele, na likiinama mbele kasta inapungua. Kasta ni ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia linapokata kona. Tazama uma wa baiskeli: umelala, haukusimama wima, na ndiyo maana mtoto anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Milimita 75 juu ya mita 2.98 ni karibu nyuzi moja na nusu. Gari lenye ekseli ya springi za majani halina kasta nyingi ya kuchezea. Ukiondoa nyuzi moja na nusu, usukani unapoteza hamu ya kurudi katikati.

Kwa hiyo lile chuma lililoongezwa ili kusaidia kuvuta ndilo lililoharibu usukani. Na lilifanya jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho. Gari hili lina vali ya breki inayosoma mzigo: fimbo nyembamba imeungwa kutoka ekseli ya nyuma hadi vali kwenye chesisi. Mkia ukikaa chini, vali inaelewa kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Mkia ukiwa juu inaelewa gari ni tupu, inazipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Ukifunga springi ngumu kiasi kwamba mkia haushuki hata ukipakia, umeidanganya vali. Mzigo upo, tela linasukuma, na breki za nyuma zinafanya kazi kama hakuna kitu. Nimeona magari mengi ya kuvuta yameongezewa majani. Sijaona hata moja ambalo fundi alikumbuka kuirekebisha ile fimbo.

Tuliyatoa majani yote sita ya lori. Mama aliuliza kama hawezi kuyauza, nikamwambia auze kwa mwenye lori.

Springi za asili zilikuwa zimechoka kweli, hilo sikubishi. Zingeweza kupelekwa kwa mhunzi zikakunjwa upya, na kwa gari la shambani la kwenda sokoni ningekubali. Lakini chuma kilichochoka kikikunjwa tu, kinarudi kulala baada ya miezi. Kwa gari la kuvuta tulinunua seti mpya ya kiwango cha kawaida cha gari hili, tukaongeza chini yake jani moja nene lililonyooka, ambalo likiwa tupu haligusi kitu na linaanza kubeba mkia unaposhuka. Hiyo ndiyo tofauti niliyoipigania. Springi ngumu muda wote inarusha tairi kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, tairi linaacha ardhi, na tairi lililo hewani halishiki njia. Springi inayokazana kadiri mzigo unavyoongezeka inalala laini ikiwa tupu na kusimama imara ikivuta.

Yubolti nne mpya, senta bolti mpya, shokapu mpya za nyuma. Bushi zote za springi, vile vipete vya kwenye ncha zake, mbele na nyuma, tulibadilisha, na hapa nina msimamo: raba ya kawaida. Zile za plastiki ngumu zinauzwa sana na zinadumu, lakini springi ya majani inajipinda kwa ubavu pia, na bushi isiyokubali kujipinda inapeleka nguvu kwenye jani lenyewe na kwenye chesisi. Gari la miaka thelathini lina chesisi ya kuhurumia.

Jambo moja la ufundi ambalo nimelirudia kwa vijana wangu hadi wamechoka nami: bolti za bushi za raba hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Zinashikizwa tu. Kisha gari linashushwa, linasukumwa chini juu mara kadhaa likae kwenye uzito wake, ndipo zinakazwa. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, raba inajisokota gari likishuka, na inaishi imesokotwa hadi ipasuke. Watu wanalaumu raba feki. Mara nyingine ni feki kweli.

Mbele

Mbele nitapita haraka kwa sababu ni kazi ya kawaida. Tulimweka mtu ndani anautikisa usukani kushoto kulia taratibu, injini inawaka, mwingine amelala chini ameshika kila kiungo kwa mkono. Mkono unahisi plei, yaani kulegea kwa kiungo, kabla jicho halijaiona. Tairodi endi, vile viungo vya ncha za fimbo za usukani, mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha. Beringi za haba (kitovu cha gurudumu) ya kulia zilikuwa zimelegea, tukazikaza. Beringi za kingpini, pini ambazo gurudumu hugeukia kushoto na kulia, zilikuwa zimechimbika katikati, kwa hiyo ukizungusha gurudumu kwa mkono lilikuwa linakwama kwenye kijishimo pale pale kwenye mstari ulionyooka, mahali ambapo usukani unaishi saa zote. Hizi tulibadilisha pande zote mbili, na ukazo wake ukapimwa kwa mizani ya ndoano, tukiongeza na kupunguza vibati vyembamba hadi pande zote zikavutika kwa nguvu moja.

Shokapu ya usukani tuliivua kabisa tulipojaribu gari mara ya kwanza, tukairudisha mwisho. Kazi yake ni kupunguza mapigo ya jiwe na shimo, na ikiwepo huwezi kujua kama umeponya au umeficha. Tukaendesha bila hiyo, usukani haukutetemeka. Hapo ndipo nilipoamini kingpini zimekaa.

Steringi boksi? Ilivuja kidogo kwenye sili, tukabadilisha sili. Skurubu ya juu ilikuwa imekazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka kuondoa plei ya tairodi kwa kukaza boksi, kwa hiyo usukani ulikuwa mzito kurudi baada ya kona. Tuliilegeza hadi ikawa huru ikikatwa na imara ikiwa katikati. Plei kwenye usukani ilikuwa karibu sentimita 6 ilipofika. Ilitoka ikiwa 2.

Magurudumu ya mbele yalinyooshwa mwisho wa yote, baada ya urefu wa gari kurudi kawaida na ekseli ya nyuma kunyooka. Wengi huanza na wili alaimenti. Ukinyoosha mbele wakati nyuma imepinda, umeipinda mbele ikubaliane na kosa. Upepo wa matairi nao: nyuma tulikuta psi 32 kushoto na 44 kulia. Sasa akivuta ni 45 pande zote mbili za nyuma, na tela linapimwa pia.

Tuliipima upya fimbo ya vali ya breki kwa urefu mpya wa springi. Dakika ishirini.

Barabarani tena

Ijumaa asubuhi tulitoka na tela lililojaa. Tulipita Weruweru, na kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na gari nilimwomba dereva aukate usukani kidogo na kuurudisha, kwanza kwenye kilomita 40 kwa saa, halafu 50, halafu 60. Kwenye 60 tela lilitikisa mkia mara moja, yumbo la pili likafa. Kikafu tulishuka kwa gia ya tatu bila breki zaidi ya mara mbili. Kwenye uwanda wa KIA tulisubiri basi. Lilipita. Tela likasogea, likarudi. Kijana hakusema kitu, aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani anionyeshe kwamba anaushika kwa mkono mwepesi.

Kuna jambo halijakwisha, na nimemwambia mama bila kuficha. Tela la kilo 1,240 halina breki zake. Gari linalisimamisha peke yake, na kwenye mteremko wa mvua hilo halitoshi hata springi zikiwa mpya. Tumekubaliana msimu ukipungua, baada ya Januari, tutaliwekea breki zinazofanya kazi tela linapojisukuma mbele. Mpaka hapo mwendo wa mwisho ni 70, ameuandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva.

"Baba, na akizidisha?" aliniuliza.

"Mama, nitamwona kwenye pete. Ikianza kuliwa mapema, ndiye yeye."

Jumanne walirudi kutoka harusi ya pili, kilomita kama 160 tangu tulipofunga springi. Niliwaomba wapite kabla ya kwenda nyumbani. Yubolti mpya hujinyoosha na majani hukaa, kwa hiyo lazima zikazwe mara ya pili, na hapo ndipo wateja wengi hupotea kwa sababu gari linakwenda vizuri. Tulikaza nati zote nane gari likiwa chini, kwa zamu ya msalaba. Saba hazikusogea. Ya nyuma kushoto, upande wa senta bolti iliyokatika, iligeuka robo mzunguko, ikatulia. Niliweka mstari wa rangi nyeupe juu ya kila nati na bolti yake, nikamwonyesha kijana mahali pa kutazama kila asubuhi kabla ya kufunga tela.